Maswali na Majibu: Redio ya kijeshi yenye maandishi ya Kirusi

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Birmingham, Uingereza. Mwezi uliopita nilinunua katika soko la mitumba la Jumapili sanduku la chuma la rangi ya kijani iliyopauka, zito kiasi cha kulibeba kwa mikono miwili. Lina vifundo viwili vikubwa vya kuzungusha, mita moja ndogo, na maandishi ya Kiingereza ambayo chini yake yamerudiwa kwa Kirusi. Kwenye kibati nimesoma "No. 19 Mk II" na kuona alama ya mshale uliomo ndani ya herufi C. Muuzaji aliniambia kuwa ni redio ya majasusi wa Kisovieti. Haina waya wa umeme wala spika, ila upande wa mbele ina soketi za pini 6 na pini 12. Hiki ni kitu gani hasa? Nikitaka kukiwasha nikiunganishe wapi? Na je, naweza kumpelekea kaka yangu aliyeko Tanga, ambaye ni fundi redio?

JIBU: Ndugu msomaji, ahsante kwa kueleza ulichokiona kabla ya kueleza ulichoambiwa, kwa sababu ulichokiona kinatosha kujibu swali lako la kwanza. Kifaa ulichonacho ni redio ya vifaru ya jeshi la Uingereza, Wireless Set No. 19, iliyobuniwa na kampuni ya Pye ya Cambridge mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili. Mshale ndani ya C ni alama ya mali ya serikali ya Kanada, kwa kuwa redio hizi zilitengenezwa pia Kanada na Marekani, na kwa upande wa Kanada viwanda vya Northern Electric, RCA Victor na Canadian Marconi vilihusika. Vifaru na vifaa vingine vilikuwa vikipelekwa Muungano wa Kisovieti kama msaada wa vita, ndiyo maana vibao vya mbele viliandikwa kwa lugha mbili: vilivyokwenda huko viliwakuta askari wanaosoma Kirusi, na vilivyobaki viliwafaa Waingereza na Wakanada bila kubadilishwa chochote. Kwa hiyo Kirusi hicho hakithibitishi kwamba redio yako iliwahi kufika Urusi, wala kwamba iliguswa na jasusi, na sijui jasusi gani angejificha na mzigo wa namna hiyo.

Ndani ya sanduku hilo mna vifaa vitatu. Cha kwanza huitwa seti A, nacho hupokea na kurusha mawimbi mafupi kuanzia megahezi 2 hadi 8. Hapo ndipo "Mk II" inapokuwa na maana, kwani Mk I iliishia kati ya 2.5 na 6.25. Cha pili ni seti B, ya masafa ya juu yanayokaribia megahezi 235, iliyokusudiwa vifaru vilivyo jirani vizungumze kwa umbali wa takriban maili moja. Cha tatu ni kikuza sauti kilichowawezesha askari waliomo ndani ya kifaru kimoja kusikilizana katikati ya kelele za injini.

Kwa wasomaji wengine wanaookota vifaa vya aina hii, niongeze kwamba kibati ndicho cheti cha kuzaliwa cha kifaa, na ni vibaya kukisugua kwa msasa. Mshale mtupu usio na C ni wa serikali ya Uingereza. Namba inayoanza na ZA ni ya stoo za mawasiliano za jeshi lake la nchi kavu, na inayoanza na 10D pamoja na taji na herufi AM ni ya jeshi lake la anga. Kwa Wamarekani, redio za zamani zilianza na SCR au BC, na kuanzia mwaka 1943 ukaja mfumo wa AN, ambao herufi zake tatu baada ya mkwaju (/) husema kifaa hukaa wapi, ni cha aina gani na kina kazi gani: PRC ni redio ya mawasiliano inayobebwa na mtu, na VRC ni ya kwenye gari. Vifaa vya miaka ya baadaye vina namba ya NATO yenye tarakimu 13, ambayo tarakimu zake nne za kwanza hutaja kundi (5820 ni redio zisizo za ndege) na mbili zinazofuata hutaja nchi: 99 ni Uingereza, 00 au 01 ni Marekani, 21 ni Kanada.

Sasa tuje kwenye umeme. Usiiunganishe na ukuta kwa njia yoyote ile. Redio hii ilitumia betri ya gari ya volti 12, ambayo iliendesha kifaa cha pembeni chenye mota na jenereta katika mhimili mmoja, na kifaa hicho ndicho kilichotoa takriban volti 275 kwa ajili ya kupokea na takriban volti 500 kwa ajili ya kurusha. Umeme wa aina zote hizo uliingia kupitia soketi yako ya pini 6. Hata ungekuwa na betri na kifaa hicho mkononi, kosa la pini moja lingepeleka mamia ya volti kwenye nyuzi za valvu, yaani nyuzi zinazopashwa moto ndani ya zile chupa za kioo zilizofanya kazi ya transista katika redio za kale. Nilipokuwa kijana karakanani niliwahi kuwasha redio ya mteja siku ileile aliyoileta, nikitaka kumwonyesha kwamba naijua kazi. Kapasita moja (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme) ilipasuka na transfoma ikaungua, nami nililipa kwa mshahara wa miezi miwili.

Anza kwa kufungua na kutazama kwa taa nzuri, bila kugusa kitu. Tafuta dalili za mikono iliyotangulia, kwa sababu baada ya vita redio hizi ziliuzwa kwa bei ya chini sana katika maduka kama yale ya mtaa wa Lisle jijini London, na wapenda redio wengi wakazikatakata. Tundu lililotobolewa kwa mkono, waya wa plastiki yenye rangi angavu, au transfoma isiyolingana na mengine ni ishara kwamba mchoro wa kiwandani hautakufaa peke yake. Ukikuta unga mweupe au wa manjano juu ya chasi, yaani fremu ya chuma ya ndani, huenda ni kutu ya kadimiamu, metali ya kupakia chuma ambayo ni sumu. Usiipulize wala kuisugua ikiwa kavu, ifute kwa kitambaa chenye unyevu ukiwa umevaa glavu. Mita, saa au swichi zenye rangi ya kahawia iliyokusudiwa kung'aa gizani zinaweza kuwa na radiamu, ambayo hutoa mionzi yenye madhara, na mtu asidanganyike kwamba haing'ai tena: kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga, ilhali radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Usifungue kioo cha kifaa cha namna hiyo.

Hatari moja haihusu redio yako, lakini sitaipita kimya. Vifaa vya ndege vya kutambulishana rafiki na adui vya wakati wa vita viliwekewa baruti ndogo ya kuviharibu visije vikatekwa. Anayekutana na kifaa kama hicho akiache palepale na aite polisi.

Baada ya kutazama, pima. Kapasita za karatasi zilizopakwa nta hunyonya unyevu na kuvujisha umeme, na mita ya kawaida ya fundi haionyeshi uvujaji huo vizuri kwa sababu inapima kwa volti chache mno. Tumia kipimo cha kihami, yaani cha kupima uvujaji wa umeme, chenye volti zinazokaribia zile za kazi, baada ya kukata mguu mmoja wa kapasita. Zile zinazopitisha sauti kutoka valvu moja hadi gridi (mlango wa kuingizia mawimbi) ya valvu inayofuata ndizo za kubadilisha kwanza. Kapasita za maika, madini ya matabaka membamba, kwa kawaida ziko salama, ziache.

Ukitaka kusikiliza tu, na hilo ndilo ninalokushauri, huhitaji zile volti 500 hata kidogo. Tafuta chanzo cha volti 12 chenye kikomo cha mkondo, kisha chanzo kingine cha volti za juu kinachoweza kupandishwa polepole. Washa nyuzi kwanza. Halafu anza na volti 50, tazama mkondo, kisha panda kidogokidogo hadi karibu 250. Mkondo ukiruka ghafla huku volti zikigoma kupanda, zima na utafute shoti. Zingatia vikofia vya chuma vilivyo juu ya baadhi ya valvu. Kwenye valvu za aina ya 6K7 na 6K8 vikofia hivyo ni gridi na havina madhara, lakini kwenye 807, ambayo ndiyo valvu ya kurusha, kikofia ni anodi yenyewe, yaani ncha ya volti za juu, na ndicho hubeba zile volti 500 redio inapotumika kikamilifu. Mafundi waliozoea kugusa kofia kwa bisibisi ili kusikia mlio kwenye visikizio huumia hapo.

Seti B isiwashwe kabisa. Masafa yake yamo katika eneo linalotumiwa leo na ndege za kijeshi, na mpokeaji wake ni wa aina ambayo hutoa mawimbi hewani hata wakati unadhani unasikiliza tu. Usiizime kwa kuchomoa valvu yake, maana nyuzi za volti 6.3 zimepangwa mbilimbili ili zitumie volti 12, na kuchomoa moja huweza kumzima mwenzake. Badala yake kata waya unaopeleka volti za juu kwenye seti hiyo, uukunje na kuufunga vizuri, na uandike katika daftari ulipoukata. Kwenye seti A utapata wapenda redio karibu na megahezi 3.5 hadi 3.8 na 7 hadi 7.2, na stesheni za matangazo karibu na 6. Kurusha chochote kunahitaji leseni ya wapenda redio inayotolewa na Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza.

Kuhusu kaka yako wa Tanga, usitangulize mzigo mbele ya karatasi. Vifaa vilivyoundwa kwa ajili ya jeshi vinaweza kuhitaji kibali cha kutoka Uingereza hata kama ni vya kale, na kuingiza mtambo wa kurusha mawimbi Tanzania ni jambo la kuulizwa kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Kwa sasa mtumie picha za kibati, za ndani na za nyaya zote, kabla hujakata wala kulehemu chochote. Michoro ataipata kupitia kikundi cha wapenzi wa redio hii, Wireless Set No. 19 Group. Mkiwa na mchoro mmoja mbele yenu nyote wawili, aianze kazi pamoja nawe kwa simu, kuanzia soketi ya pini 6.