Simu imeisha chaji: je, inatosha kumtetea mpelelezi?

Swali: Mwalimu, naandika tamthilia ya uhalifu ya vipindi 8, mambo yote yanatokea Jinja, Uganda. Mtuhumiwa wa mauaji yuko mahabusu. Katika kipindi cha 6 mpelelezi wangu, Sajini Nabirye, anakwenda usiku peke yake kwenye ghala la mtuhumiwa huyo kutafuta bastola, bila kumwambia mtu, na vijana wa ghalani wanamteka. Wenzangu waliosoma mswada wanasema haiingii akilini. Nikiongeza kwamba simu yake iliisha chaji, itatosha?

Jibu: Haitatosha, ndugu yangu. Chaji kuisha kunaeleza kwa nini hakupiga simu. Hakuelezi kwa nini alikwenda. Mtazamaji wako anajua kwamba kaunta ya kituo ina askari wa zamu, na kwamba simu huchajiwa hata kwenye kibanda cha kinyozi. Ukimpa kisingizio kimoja atadai cha pili.

Kasoro yako iko kipindi cha 4. Mtu mwenye akili hujitia hatarini pale njia nyingine zimemfungia, na mtazamaji lazima azione zikifungwa kabla hajajua zitakuwa na kazi gani. Anza na saa. Katiba ya 1995, ibara ya 23, inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Akikamatwa Jumatatu saa 10 jioni, mwisho ni Jumatano saa 10 jioni. Jumanne jioni wakili wa serikali arudishe faili: ushahidi hautoshi, silaha iko wapi? Nabirye amebakiwa na usiku mmoja.

Lakini haraka peke yake haimzuii kuomba askari wawili. Kwa hiyo katika kipindi cha 4 kielelezo cha ushahidi kipotee stoo ya kituo, na funguo ziwe kwa watu wawili tu, yeye na mkuu wake. Asiseme neno juu ya hilo. Kisha kipindi cha 6 mwonyeshe juu ya bodaboda iliyozimwa taa, hatua chache kutoka ghalani. Simu ina chaji tele. Jina la mkuu wake liko kwenye kioo, kidole kinaning'inia juu yake. Anaizima. Anamlipa mwenye boda na kumwambia: "Nisipotoka kufikia saa 6, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC1. Usiende kituoni." Sasa hakwenda bila kumwambia mtu, na wewe umeshapata njia ya kumwokoa kipindi cha 7.

Kinachoniudhi ni masomo yanayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp, eti kila dakika kumi hadithi ipinduke. Wauzaji hao wanawafundisha vijana kupanga mshangao kwanza, kisha kumsukuma mhusika hadi aufikie. Ndiyo maana tunaona miswada ambamo majibu ya vinasaba yanatoka maabara ya serikali Wandegeya jioni ileile, na rekodi za simu zinapatikana kwa kumpigia rafiki. Na kubwa kuliko yote, konstebo anampiga mtu makofi mawili, mtu anaungama, kesi imekwisha. Sheria ya Ushahidi ya Uganda haipokei ungamo lililotolewa mikononi mwa polisi ila liwe mbele ya ofisa wa cheo cha inspekta msaidizi au zaidi, au mbele ya hakimu. Na la kulazimishwa hutupwa. Mwandishi aliyejua hili angekuwa na kipindi kizima cha mvutano mahakamani. Ameuza utajiri huo kwa makofi mawili.

Kabla ya kuandika uamuzi wowote mkubwa, chukua karatasi. Andika anachokijua mhusika saa hiyo, si unachokijua wewe. Andika mambo matatu anayoweza kufanya, na kila moja litamgharimu nini. Kama ulilomchagulia ndilo ghali kuliko yote, usimtafutie maneno ya kujieleza. Rudi nyuma upandishe gharama ya yale mengine mawili.

Ukimaliza kwa Nabirye, wafanyie hivyohivyo vijana wa ghalani, maana hapo naona shimo ambalo wenzako hawajaligusa. Kumteka afande ni kujitafutia kesi nzito zaidi ya kuficha bastola ya bosi aliyeko mahabusu. Kwa nini wasiichukue tu wakatokea mlango wa nyuma?