Maswali yenu ya bustani: Mbegu za zinia za mama zimeota ukungu

SWALI: Dada, habari za kazi. Naandika kutoka Tanga mjini. Mama yetu alifariki mwaka juzi akaacha zinia nyekundu na za pinki pale uani, zilikuwa zinajiotea zenyewe kila mvua. Mwaka jana nikasema ngoja nichume mbegu kabisa, nikakata vichwa, nikatia kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga nikaweka juu ya kabati. Nafungua mwezi wa tatu, vyote vyeusi na ukungu, nikazimwaga hivyo hivyo na hakuna hata moja iliyoota. Sasa imebaki miche mitano tu inachanua, naogopa nikikosea tena ndo basi. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, pole na msiba pia. Kwanza usijilaumu kwamba huna mkono wa maua, kilichoua hizo mbegu ni unyevu. Kichwa cha zinia hata ukikiona kimekauka kwa juu, kile kikonyo na sehemu ya katikati bado vina maji, sasa ukifungia kwenye nailoni na joto la Tanga na ile hewa ya bahari, maji hayana pa kwenda, yanabaki humo humo na ukungu unajilia taratibu.

Miche mitano inatosha kabisa, ua moja tu linabeba mbegu nyingi. Chagua sasa hivi, wakati bado yanachanua, ule mche wenye afya na rangi unayoikumbuka ya mama, ufunge kauzi kwenye shina na uwaambie watoto huu hauchumwi. Watu wengi tunakosea hapa, mazuri tunakata ya kupamba chombo cha maua ndani, halafu mbegu tunachukua kwenye yale yaliyobaki, yale manyonge. Pia ujue nyuki wanachanganya rangi, kwahiyo kama nyekundu na pinki ziko karibu, usishangae mwakani ukapata rangi ya katikati. Ukitaka nyekundu ibaki nyekundu, livishe ua kamfuko ka kitambaa cha neti kabla halijafunguka, likifunguka ulisugue na ua lingine jekundu ulilolivisha vilevile, kisha urudishie neti.

Liache lizeekee pale pale kwenye mche mpaka liwe kahawia na ukiligusa linakwaruza. Kata siku ya jua, kuanzia saa nne hivi umande ukishaondoka, usikate mvua imetoka kunyesha. Pukuchua juu ya gazeti: mbegu ziko chini ya yale majani ya ua, ni bapa, zina umbo kama ncha ya mshale, rangi ya kijivu kahawia. Ibonyeze kwa kucha, ikibonyea kama karatasi hiyo ni tupu, itupe. Halafu tandaza kwenye ungo, KIVULINI penye upepo, wiki mbili, jioni ingiza ndani. Jua kali usianike moja kwa moja, linaweza kuichoma.

Zikikauka tia kwenye bahasha ya karatasi, andika jina, rangi na mwezi, bahasha iingie kwenye chupa ya jamu yenye mfuniko unaobana, na chini ya chupa weka mchele uliokaangwa kavu ukapoa, umeufunga kwenye kitambaa, huo ndo utakunywa unyevu. Kama una friji weka shelfu ya chini, ila siku ya kutoa usifungue hapo hapo, acha chupa iishe ubaridi kwanza la sivyo itatoa jasho ndani.

Na nikutie moyo kidogo, yale maua madogo ya zambarau ya milima ya Usambara, hapo hapo mkoani kwenu, ambayo leo yako madirishani Ulaya nzima, yalifika kule baada ya ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, kumtumia baba yake mbegu mwaka 1892. Kwahiyo hako kabahasha kako sio kitu kidogo.

Wiki mbili kabla ya masika jaribu mbegu kumi kwenye tishu yenye maji kidogo, zikichipua saba ndani ya wiki uko vizuri. Na hizo zilizochipua usizitupe, zihamishie kwenye kopo la udongo.

SWALI: Nilinunua pakiti ya petunia, zikatoka nyeupe zote, safi. Nikatunza mbegu, mwaka wa pili zimetoka kila rangi na nyingine ndefu hovyo. Niliuziwa feki? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Hapana, angalia pakiti kama imeandikwa F1. Hiyo ni chotara, wametoa mbegu kwa wazazi wawili tofauti, watoto wa kwanza wanafanana wote ila wajukuu kila mmoja anarudi kwa babu yake. Ukitaka za kutunza mwaka hadi mwaka nunua zisizo chotara. Ila kama hizo rangi umezipenda, endelea kuchagua unayoitaka, hakuna ubaya wowote.

SWALI: Nina yale maua ya kivulini ambayo kitunda chake ukikigusa tu kinapasuka na mbegu zinaruka. Nazipataje? Msomaji, Arusha.

JIBU: Usisubiri kikauke. Kikinenepa na rangi ya kijani ikaanza kufifia, kifunike na kamfuko ka karatasi, kamata kikonyo kwa chini, kisha minya. Kipasukie humo humo.