Siri ya kitubio si siri ya ukoo

Akina mama wenzangu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, hapa Mwanza wameniuliza zaidi ya mara moja: padre akisikia kitubioni kwamba mtoto ameharibiwa, sheria imlazimishe kwenda polisi? Nimefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kwa miaka mingi, na swali hili silichukulii kama la vitabuni. Kwa maoni yangu, muhuri wa maungamo, yaani siri inayomkataza padre kusema anachosikia kitubioni, ubaki kama ulivyo, ila tuache kabisa kuutandaza juu ya mambo ambayo hauyahusu.

Wanaotaka sheria hiyo si maadui wa Kanisa. Australia iliunda Tume ya Kifalme ya kuchunguza udhalimu dhidi ya watoto, iliyofanya kazi kuanzia 2013 hadi 2017, ikasikiliza maelfu ya watu walioumizwa utotoni, kisha ikapendekeza mapadre wasisamehewe wajibu wa kutoa taarifa hata kwa yale wanayoyasikia kitubioni. Majimbo kama Victoria na Queensland yakatunga sheria. Marekani, jimbo la Washington lilipitisha sheria ya namna hiyo 2025, na mahakama ya shirikisho ikaizuia kwa upande wa maungamo kabla haijaanza kutumika. Na kuna jambo moja ambalo kila anayetetea muhuri lazima alijibu. Padre mmoja wa zamani wa Queensland alieleza kwa kiapo, 2004, kwamba kwa miaka 25 aliungama mara 1,500 kwamba amewadhulumu watoto, kwa mapadre wapatao 30. Kila mara alisamehewa, akarudi kwa watoto.

Inauma. Lakini nikiitafakari, naona waliokosea pale ni waungamishi waliotoa ondoleo la dhambi kama mtu anayepiga mhuri kwenye risiti. Padre ana haki ya kumnyima ondoleo mtu asiye na nia ya kuacha. Anaweza kumwambia: hama nyumba hiyo leo, acha kazi hiyo ya kukaa na watoto, ndipo nitaamini kwamba umetubu. Asichoweza ni kumpa sharti la kujisalimisha polisi ndipo amwondolee. Hilo Idara ya Toba ya Kitume, ofisi ya Vatikani inayoshughulikia mambo ya kitubio, ililisema wazi 2019. Wala hawezi kusema nje alichosikia. Tangu Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa 1215, adhabu ya padre anayemsaliti muungamaji imekuwa kali, na leo anayefanya hivyo kwa makusudi anatengwa na Kanisa papo hapo. Tukiiondoa siri hiyo kwa sheria, mkosaji hatakwenda kuungama tena, na hapo tutakuwa tumepoteza hata yule mtu mmoja ambaye angemwambia aache.

Tena mtoto aliyeumizwa naye huenda kuungama. Huyu tunamsahau tunapobishana.

Jumamosi moja ya maungamo ya watoto, binti wa darasa la nne alitoka kitubioni na badala ya kwenda kusali malipizi yake akaja kukaa kwenye benchi nililokaa mimi. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la sketi. Akasema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, Padre kasema nikuambie na wewe.” Akaniambia. Alikuwa ndugu wa karibu, amekuja mjini kufanya kazi ya dagaa soko la Mwaloni, analala sebuleni kwao.

Baadaye Padre alitoka, akatusalimu kama siku zote, akapita. Hakuniuliza, nami sikumwuliza. Sheria ya Kanisa inamkataza hata kuyatumia aliyoyasikia kwa namna inayoweza kumdhuru muungamaji. Alichoweza kufanya alikuwa ameshakifanya mle ndani: kumwambia mtoto kwamba hana kosa, na kumwelekeza kwa mtu mzima asiyefungwa na muhuri. Kwangu, huo ndio uungamishi.

Jioni ile nilikwenda na mama yake kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, tukachukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, tukaenda hospitali. Kazi ngumu ilikuja siku zilizofuata. Wazee wa ukoo walifika kwangu wakiwa na kiongozi mmoja wa jumuiya, watu wa heshima, wakaanza taratibu. Shangazi akasema, “Huyu binti ataolewa na nani? Tuyamalize kifamilia.” Kisha yule kiongozi akanigeukia: “Mama, haya aliyasema kitubioni. Ukiendelea nayo utakuwa umevunja siri ya maungamo.”

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Siri ya kitubio inamfunga padre, pamoja na mkalimani akiwepo, na mtu yeyote aliyesikia maungamo yale kwa bahati. Mtoto mwenyewe haimfungi. Anaweza kumwambia mwalimu, bibi, daktari au askari maneno yaleyale aliyomwambia padre, hata dakika tano baadaye, na anayeambiwa hivyo hajasikia maungamo ya mtu. Nilimjibu yule kiongozi hivyo kwa heshima, nikamwongezea kwamba kesi ni ya Jamhuri, mama wa mtoto hana mamlaka ya kuifuta. Shangazi hanisalimii tena. Nimekubali.

Hata padre mwenyewe, alichoambiwa ofisini, kwenye semina au njiani akitoka kigangoni si maungamo. Tangu 2019 Papa Fransisko aliwaagiza mapadre na watawa watoe taarifa kwa wakubwa wao wa Kanisa wanapojua au kushuku kwa sababu za msingi kwamba mhudumu wa Kanisa amemdhulumu mtoto, na mwishoni mwa mwaka huohuo akaondoa siri ya kipapa, yaani usiri maalumu wa mashauri ya Vatikani, kwenye kesi hizo. Kwa sisi wengine, Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inasema ni wajibu wa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Haikusema “akipenda.”

Kwa hiyo ndugu yangu mwalimu wa dini, mama wa jumuiya, mlezi wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto cha Kanisa: mtoto akikuambia “nina siri, usimwambie mtu,” usimwahidi. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia. Msikilize mara moja, usimhoji kama hakimu, wala usimrudishe aseme tena mbele ya wazee. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, na tarehe. Kama tukio ni la karibuni, asiogeshwe, na nguo zake zisifuliwe. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi mwende nazo. Akiwa na hali mbaya, hospitali kwanza, PF3 itafuata. Usiende kumkabili mtuhumiwa, atakimbia au atamtisha mtoto. Na usimwulize padre kama mtoto aliungama nini. Unamweka mahali ambapo hata kukataa kwake kunaweza kusomwa kama jibu.

Nawaomba maparoko pia: siku ya maungamo ya watoto, kabla hawajapanga foleni, waambieni kwa sauti kwamba mtu akikuumiza, hilo si dhambi yako, na unaruhusiwa kulisema popote. Waungamisheni mahali wanapoonekana na watu lakini maneno yao hayasikiki.

Kwa mlio visiwani, mjue kwamba dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora zaidi. Anayeishi Ukara anavuka maji kwanza ndipo aanze safari ya kwenda hospitali ya wilaya, Nansio. Msisubiri kikao cha ukoo. Pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, mwoneni mtendaji wa kijiji, na mtoto apande chombo cha kwanza kinachoondoka. Saa hizo zinahesabiwa tangu tukio, si tangu siku mliyoambiwa.