Kumtafuta mke wa mfumaji wa kitani wa Armagh

Dada, nimekuelewa: unamtafuta bibi yake babu wa mumeo, aliyemsokotea mumewe uzi wa kitani huko Armagh, Ayalandi, na kila karatasi inamtaja mume peke yake. Usianze na sensa, kwa kuwa sehemu kubwa ya zile za 1821 hadi 1851 iliteketea Dublin mwaka 1922. Anza na ubatizo wa watoto, maana vitabu vya parokia za Kikatoliki kwa kawaida humwandika mama kwa jina la ukoo wake. Wa ukweni kwangu nilimpata hivyo, katika mstari mmoja wa wino uliofifia. Wasimamizi wa ubatizo nao waandike, kwani mara nyingi ni ndugu. Mwandiko wa Kilatini ukikushinda, mwone mtafiti wa nasaba kabla hujaunganisha majina yanayofanana.