Wanawake 62, wanaume 59: kabla hujaandika hitimisho

Umewapima wanafunzi wa vyuo vya kanda 5 kwa mtihani wa kusoma; wanawake wamepata wastani wa alama 62, wanaume 59. Umeuliza mambo mawili: kama wastani huo unatosha kusema wanawake vyuoni ni wasomaji bora, na kama kanda iliyoshika mkia kweli ina wasomaji dhaifu. La kwanza ni hesabu ndogo tu. La pili ndipo wengi wanapoteleza.

Gawanya tofauti ya alama 3 kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Ukiwa 12, unapata 0.25. Yaani ukichomoa mwanamke mmoja na mwanaume mmoja bila kuchagua, mwanamke atakuwa juu takriban mara 57 kati ya 100. Pengo lipo, ila jembamba.

Halafu fungua mtihani wenyewe. Maswali ya kujieleza na matini za hadithi kwa kawaida huwabeba wasichana. Ya kuchagua jibu hupunguza pengo. Toa wastani wa kila aina ya swali kabla ya kujumlisha. Usiazime pengo la sekondari pia: kwenye PISA ya 2022, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi, wasichana wa miaka 15 waliwazidi wavulana kwa alama 24 za kusoma kwa wastani wa nchi za OECD (jumuiya ya nchi, nyingi zikiwa tajiri, inayoendesha mtihani huo), lakini kwa watu wazima waliopimwa na PIAAC ya 2012, upimaji wa OECD wa stadi za watu wazima, pengo lilikuwa dogo mno. Tena chuo ni chujio. Kama wavulana dhaifu waliishia njiani zaidi kuliko wasichana dhaifu, unalinganisha unga uliopita kwenye chekecheo mbili tofauti.

Sasa kanda. Wanafunzi 600 kutoka vyuo 20, yaani 30 kila chuo, si watu 600 wasiohusiana. Wa chuo kimoja wamepita kigezo kilekile cha kujiunga, wanafundishwa na walimu walewale. Kwa hiyo alama zao hufanana. Kiwango cha kufanana huko (0 ni hakuna, 1 ni sawa kabisa) kikiwa 0.1 tu, mhesabu kila mmoja pamoja na wenzake 29: 1 + 29 × 0.1 = 3.9, na 600 ÷ 3.9 ni kama 154. Hiyo ndiyo sampuli yako halisi, sawa na watu 154 wasiohusiana! Ukiigawa kwa kanda 5, kila moja ina vyuo 4, na chuo kimoja kilicholegea kinaiburuta kanda nzima chini. Tumia modeli ya ngazi mbili, mwanafunzi ndani ya chuo, yaani hesabu inayotenganisha tofauti kati ya vyuo na tofauti kati ya wanafunzi wa chuo kimoja.

Kwenye dodoso muulize mwanafunzi alikosoma sekondari, maana mahali chuo kilipo hapasemi alikotoka. Uliza pia lugha ya nyumbani. Mtihani ukiwa kwa lugha nyingine, unapima lugha pamoja na kusoma.

Na usipime jinsia kanda moja moja kisha uandike “huku kuna pengo, kule hakuna”. Kanda yenye watu wachache hukosa pengo kwa uchache wao tu. Weka jinsia × kanda ndani ya modeli moja, usome kipengele hicho: ndicho kinachoonyesha kama pengo la jinsia linatofautiana kati ya kanda na kanda.