Muulize Fundi: Mlima umegoma kuingia kwenye kompyuta

SWALI: Shikamoo babu. Nasomea uhandisi, kwetu ni Uyole. Mradi wangu ni kukokotoa jinsi mawimbi ya simu ya megahezi 900 yanavyotawanyika yakigonga mteremko wa mlima Loleza, hapa Mbeya. Nimechukua mstari mmoja wa kilomita 10, nikaukata vipande kwa njia ya momenti, yaani kutafuta mkondo wa umeme wa kila kipande kwa kuvisuluhisha vyote pamoja. Kompyuta yangu ya gigabaiti 8 inaganda kabla haijaanza kazi. Baba yuko tayari kuuza viazi ninunue kubwa zaidi. Nichukue ya gigabaiti ngapi?
Mjukuu, Uyole

JIBU: Marahaba mjukuu. Mwambie baba viazi vyake asiviguse; lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi, peke yake inatosha kumuumiza.

Piga hesabu. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, na kila urefu wa wimbi unataka vipande kama 10. Kilomita zako 10 ni vipande 300,000. Kila kipande kinasemezana na kila kingine, hivyo jedwali lako lina namba bilioni 90, kila moja baiti 16. Gigabaiti 1,440! Na huo ni mstari tu. Uso wa kilomita moja kwa moja una vipande milioni 900. Hapo mimi nazima taa nakwenda kulala.

Dawa ni kutolihifadhi jedwali kabisa. Mwaka 1996 mtafiti Holliday na wenzake, wao wakiwaza mawimbi ya redio yanayogonga uso wa bahari, walieleza njia ya mbele na nyuma. Unaanzia upande wa mnara: kila kipande kinapokea kutoka kwa vilivyokitangulia tu. Ukifika mwisho unageuka, kila kimoja kinapokea kutoka kwa vilivyo mbele yake. Unarudia mizunguko michache mpaka majibu yatulie. Namba za jedwali unazikokotoa papo hapo na kuzitupa. Unachotunza ni mkondo wa umeme wa kila kipande, kama megabaiti 5.

Kinachobaki kukutesa ni muda. Hapo ndipo wazo la wanahisabati Greengard na Rokhlin la 1987 linapofaa: vipande vya karibu vikusanywe, visemezane na vya mbali kwa kundi. Hakuna Uyole anayekodi lori la Dar kwa gunia moja.

Ila chunga makorongo. Niliwahi kuweka korongo lenye kingo zinazotazamana, mawimbi yakawa yanarudishiana humo, na kila mzunguko namba zikazidi kuvimba. Wiki mbili nailaumu programu, kumbe ni korongo.

Kwa hiyo anza na megahezi 100, mita 3 kwa wimbi, mteremko mlaini wa kilomita 3. Ni vipande 10,000, gigabaiti 1.6, kompyuta yako inaweza. Kokotoa kwa jedwali zima, kisha kwa mbele na nyuma, ulinganishe. Majibu yakipishana, kagua kwanza alama ya kujumlisha na kutoa kwenye sehemu ya muda ya fomula ya wimbi. Wengi huchanganya hapo, babu yako akiwemo.