Paka wa mtaani: maliza uwanja mmoja kwanza

Paka wa Mji Mkongwe, Unguja, hawana msimu wa kuzaa. Joto la jike, yaani hamu yake ya kupandwa, hufuata urefu wa mchana, na huku karibu na ikweta mchana haupungui, basi huzaa mwaka mzima. Mimba ni siku 63 hadi 65, na kitoto cha kike huweza kushika mimba kikiwa na miezi minne au mitano tu. Kwa hiyo kuhasi mmoja Malindi, mwengine Darajani, mwengine Vuga ni kupoteza fedha. Chagua kundi moja, limalize, ndipo uhamie jengine. Anza na majike, maana dume mmoja aliyebaki anatosha kuwapanda wote.

Usisubiri sindano ya kuzuia mimba inayorushwa kwa mbali. Farasi mwitu wa kisiwa cha Assateague, Marekani, walidungwa kwa miaka mingi chanjo ya PZP, inayozuia mbegu isiingie kwenye yai, lakini kwa paka chanjo hiyo haifanyi kazi. Kwao ni upasuaji.

Siku chache kabla, walishe saa ile ile ndani ya tundu la mtego, mlango umefungwa wazi kwa kamba. Usiku wa kukamata weka vibua kidogo mwisho kabisa, nyuma ya kibao cha kufyatulia. Zungumza na majirani mapema: kinachoharibu kazi mara nyingi ni sahani ya mabaki iliyotolewa jioni ile. Paka aliyeshiba haingii. Akinaswa, funika tundu kwa kanga papo hapo, gizani hutulia.

Mkubwa asile tangu saa sita usiku, maji aachiwe. Kitoto kisizidi saa tatu au nne bila chakula, sukari yake hushuka haraka. Jike mwenye chuchu zilizojaa ana watoto mahali. Apasuliwe wa kwanza, arudishwe mara akizinduka kabisa.

Mwambie daktari wa mifugo akate ncha ya sikio la kushoto, kama sentimita moja, paka angali usingizini, la sivyo jike huyo atakamatwa na kupasuliwa tena. Ashone kwa uzi unaoyeyuka, amchanje pia dhidi ya kichaa cha mbwa. Dawa ya usingizi hushusha joto la mwili hata kwa hari ya Unguja: mfunike, mweke mbali na feni. Panadoli usimpe kamwe, inaua paka.

Dume alale usiku mmoja, jike hadi mbili, kisha warudi pale pale walipokamatwa. Ukiwatupa kwengine, wageni wasiohasiwa wataingia. Dume hubaki na mbegu kwa wiki kadhaa, hivyo mimba za mwezi wa kwanza zisikuvunje moyo.